Gereji ya Bibi: Hita haina moto wake

Kipupwe kimeingia na barua zimegeuka. Mwezi wa pili mlikuwa mnaniuliza kwa nini gari linachemsha. Sasa mnauliza kwa nini halipati joto. Nimechukua tatu. Ya kwanza nitakaa nayo kuliko nyingine, kwa sababu ina dhambi yangu ndani.

Bibi Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva, nyumbani ni Isevya, hapahapa Tabora. Naendesha kichwa cha lori cha Ulaya, mtumba, bosi alikinunua miaka mitatu iliyopita. Napeleka mchele na karanga Mbeya kupitia Sikonge, Rungwa na Chunya, kurudi napakia viazi Njombe. Huku Tabora hita siigusi mwaka mzima. Shida ni Njombe na Makambako, Juni na Julai. Nikiwasha saa kumi na moja alfajiri nafungua hita mpaka mwisho, inapuliza baridi. Naliacha gari liungurume saa nzima, baridi ileile. Joto linakuja nikikaribia Igawa, na huko hata baridi yenyewe imeshaisha. Mshale wa temprecha haufiki nusu. Tandiboi wangu anasafiri amejifunika blanketi kama mgonjwa. Fundi mmoja kasema ninunue feni kubwa ya hita. Ninunue?

Marahaba, mjukuu wangu. Usinunue. Feni kubwa itakupulizia baridi kwa nguvu zaidi, basi.

Hita ya lori haina moto wake. Ni rejeta ndogo, ukubwa wa daftari la mahudhurio, imejificha nyuma ya dashibodi. Maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita humo, feni inasukuma hewa katikati ya mapezi yake, hewa inapata joto na miguu yako inashukuru. Injini ikiwa vuguvugu, hita itakupa vuguvugu. Wewe mwenyewe umeniandikia jibu katikati ya barua ukapita nalo: mshale haufiki nusu. Achana na hita kwanza, mfuate mshale.

Nikuulize: injini hiyo ina themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka yapate moto? Usiniambie "nadhani". Kwetu huku gari likichemsha mwezi wa kumi pale Nzega, dawa ya kwanza ya fundi ni kung'oa themostati. Anaitupa chini ya benchi na kusema hii ni ya nchi za baridi, huku haina kazi. Nawajua vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Gereji kwangu kuna kopo la maziwa ya unga limejaa themostati nilizozitoa kwa mikono yangu hii, na kila moja nilimlipisha mtu.

Aliyenifunza ni Makambako. Marehemu mume wangu alikuwa na lori la tani saba, na fundi wake nilikuwa mimi. Lilikuwa likichemsha, nikatoa themostati, mshale ukalala, nikajisifu mtaa mzima. Julai tukaenda wote kufuata mbao. Tukalala Makambako, alfajiri tukaondoka. Kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani, nikawa nafuta na upindo wa kitenge, nikimaliza upande wake, wangu umeshaziba. Hita inapuliza hewa kama ya mlango wa friji. Mwisho akafungua dirisha, akatoa kichwa nje na kuendesha hivyo, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Tulipofika mahali pa chai, akanitazama, hana hata tabasamu: "Fundi wako alifanya kazi nzuri, mama. Injini imepoa kwelikweli."

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mlima wa kwanza, mbao zikiwa juu, lilichemsha vilevile. Ugonjwa wenyewe ulikuwa rejeta iliyoziba vumbi na makapi. Mimi nilikuwa nimeondoa mlango nikaacha mwizi ndani.

Maana themostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye hita tu, hayaendi rejeta kubwa. Ni maji machache, kwa hiyo yanapata joto upesi. Yakifika nyuzi 80 na kitu, mlango unafunguka kidogokidogo na rejeta inaanza kazi. Ukiutoa, tangu sekunde ya kwanza unayaomba maji yote ya mfumo, ambayo kwenye lori kubwa yanaweza kuzidi lita 40, yapate joto huku yakipitia rejeta inayopigwa na upepo wa Njombe. Na kwenye injini nyingi themostati ikifunguka huziba pia kijia cha pembeni, yale maji ya mkato. Ikikosekana, kijia hicho kinabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupozwa. Ndiyo sababu gari hilohilo linaweza kuwa la baridi likiwa limesimama, halafu likachemka mlimani na mzigo. Juu ya hayo dizeli inayofanya kazi ya baridi hula mafuta, hutoa moshi, na dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili. Bosi wako angejua hilo, angetafuta themostati kabla yako.

Ukiikuta ipo, usiiamini kwa kuitazama. Huenda imekwama wazi. Jumamosi iliyopita nilimwonyesha kijana anayejifunza kwangu. Tuliteka maji kwenye sufuria kuukuu, tukaweka juu ya jiko la mkaa, tukaifunga themostati kwa uzi na kuining'iniza isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Ukingoni ilikuwa imegongwa namba 82. Nyuzi 60, kimya. Nyuzi 70, kimya, kijana akaanza kuangalia simu yake. Ilipofika 82 nikamwambia ainame: palitokea uwazi mwembamba kama ukucha, kisha ukapanuka taratibu, hadi kabla maji hayajachemka ulishatosha ncha ya kidole kidogo. Ndani yake kuna kikombe cha shaba chenye nta. Nta ikipata moto inatanuka na kusukuma mlango. Tukaitoa tukaitia kwenye maji ya mtungi, ikajifunga polepole. Kijana akacheka, "Bibi, inapumua." Kwa wale watakaojaribu: hapa Tabora tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi na siyo 100, usidhani kipimajoto kimeharibika.

Isiyofunguka, tupa. Inayofunguka na isijifunge vizuri, tupa. Nunua yenye namba ileile iliyoandikiwa injini yako, na gasketi yake. Anayekuuzia ya namba ndogo "ili gari lipoe" anakurudisha Makambako kwangu.

Ukishafunga themostati mshale ukafika mahali pake na hita bado inapuliza baridi, inua kabini. Tafuta mipira miwili inayotoka kwenye injini kupanda hadi kwenye hita. Gari likiwa limepata moto, ishike yote miwili, kwa kitambaa na kwa adabu. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita, na tatizo liko kwenye feni, kwenye chujio au kwenye ule mlango wa hewa ndani ya dashibodi ambao kebo yake imekatika. Mmoja wa moto na mwingine wa baridi, maji yameingia hayatoki: koki ya hita imefungwa, au rejeta ndogo imeziba kutu, au kuna hewa imekaa humo. Yote ya baridi, fuatilia mpira mpaka mwisho. Ninakuapia, mara nyingine utakuta fundi wa zamani ameikata na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na klipu mbili, kwa sababu hita ilivuja miaka iliyopita na yeye hakutaka kufungua dashibodi. Angalia pia pale mipira inapojikunja kabini ikiinuliwa. Hapo ndipo hupasuka.

Kutu inatokana na maji ya kisima na ya bomba mnayojaza njiani. Osha mfumo, weka kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa. Wakati wa kujaza, hita iwe imefunguliwa hadi mwisho wa joto, gari liinuliwe pua kwenye kilima kidogo, injini iungurume mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa baridi, mpaka mapovu yaishe. Mfuniko wa gari lililokwisha kupata moto msiuguse, nimeshaona nyuso.

Halafu feni kubwa ya injini. Asubuhi na baridi ile haitakiwi kuvuta kwa nguvu muda wote. Kuna mafundi wanaifunga kwa bolti izunguke moja kwa moja na injini, tena kwa sababu ya kuogopa kuchemsha. Kwa hiyo gari lako linajipepea lenyewe saa kumi na moja alfajiri ya Njombe. Fungua, rudisha klachi yake ya feni, ile inayoilegeza injini ikiwa ya baridi.

Chujio la hewa ya kabini nalo ulitazame siku hiyohiyo. Nimelitoa moja kwenye gari lililokuwa likibeba tumbaku, lilikuwa jekundu na zito kama chapati ya mkate wa mofa, na ndani yake panzi.

Sasa asubuhi yenyewe, maana umelalamika kuwa joto linachelewa. Kosa lako la pili, mjukuu wangu, ni kuungurumisha saa nzima. Dizeli ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa, haina kazi, inachoma mafuta kidogo, inatoa joto kidogo, na baridi ya nje inalichukua. Injini hupata moto kwa kufanya kazi. Washa, subiri presha ya oili na upepo wa breki ujae, ambavyo lazima usubiri hata hivyo. Wakati huo hita iache kwenye joto la mwisho lakini feni yake IZIME. Hapa madereva wengi hunibishia. Feni ikipuliza juu ya maji ya baridi hupati chochote, na maji yakianza tu kupata uvuguvugu, wewe unayanyang'anya. Ondoka taratibu, gia ya chini, usiikanyage ikalia, turbo bado ina oili nzito. Mshale ukianza kunyanyuka, weka feni namba moja, hewa uelekeze kioo kwanza. Kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kinaharakisha joto sana, ila pumzi zenu wawili zitatia ukungu kioo. Kioo kikianza kufifia, zima kitufe hicho, vuta hewa ya nje, na kama kiyoyozi kinafanya kazi kiwashe pamoja na hita, hukausha hewa.

Wenye Isuzu za Japani, tazameni dashibodi. Nyingi zina swichi ya kupasha injini moto ambayo mmeiacha hamjui ya nini. Inabana moshi na kupandisha sailensa, injini inafanya kazi zaidi ikiwa imesimama. Ukiondoka unaizima.

Na boksi la kufunika rejeta, ambalo najua tandiboi ameshalipendekeza? Linasaidia, lakini likikaa siku nzima ni balaa. Acha nafasi katikati, usizibe yote, kwa sababu mbele ya rejeta kuna ile nyingine inayopoza hewa ya turbo. Na ukianza kuteremka Igawa, simama ulitoe.

Jambo la mwisho kwako, lishike kuliko yote: siku hita ikishakuwa nzima, halafu katikati ya safari ikageuka ghafla kupuliza baridi, usifikirie hita. Rejeta ile ndogo iko juu, ndiyo inayokosa maji kwanza. Simama, maji yanavuja mahali.

Bibi, shikamoo. Nilizaliwa Kasulu, sasa ni mwaka wangu wa pili naendesha lori Winnipeg, Kanada. Dada yangu hupiga picha ukurasa wako na kunitumia. Lori ni la kampuni, lenye pua ndefu. Siku za nyuzi 30 chini ya sifuri natumia dakika arobaini kabla sijahisi vidole vya miguu, na nikisimama kusubiri kupakua, joto la injini linashuka badala ya kupanda. Geji ni ya Fahrenheit, nikiwa barabarani inasimama 150. Fundi wa kampuni anasema ndivyo ilivyo, ni Kanada. Kweli?

Marahaba, mwanangu wa Kasulu. Mimi barafu nimeiona kwenye friji tu, lakini 150 hiyo tuigeuze: ni nyuzi 66 hivi zetu. Injini kama hiyo ikiwa safarini inapaswa kusimama kati ya 180 na 195 za geji yako. Kwa hiyo si Kanada peke yake. Themostati inaelekea kukwama wazi, na hilo umwandikie fundi wako kwa karatasi na namba za geji, siyo kwa mdomo. Namba haibishaniwi.

Ile waya inayoning'inia mbele ya lori lako, ambayo miji ya huko ina soketi za umeme hadi kwenye maegesho kwa ajili yake, ni ya hita ya bloku, inayopasha mwili wa injini kwa umeme. Ichomeke saa mbili hadi nne kabla ya kuwasha. Maji yanaanza yakiwa na joto, injini inashika bila kuteseka, na kabini inapata joto kwa sehemu ndogo ya zile dakika arobaini. Kuiacha usiku kucha ni kulipia umeme bure, weka swichi ya saa.

Funika pua kwa kile kifuniko cha turubai cha majira ya baridi, kilichotengenezwa kwa lori lako, chenye matundu ya kufungua na kufunga. Ukisimama kupakua, sailensa ya kawaida haitoshi kwa nyuzi 30 chini; malori mengi ya huko yanakuruhusu kupandisha mizunguko hadi 1,000 au 1,200 kwa vitufe vilevile vya kushikilia mwendo. Ila injini kubwa ikiunguruma tu inakunywa kama lita tatu kwa saa, na mahali pengine sheria inakukataza kuungurumisha. Ndiyo maana wenzako wamefungiwa zile hita ndogo za dizeli, Webasto au Eberspächer, ambayo huko Amerika huitwa Espar. Hizo zina moto wake zenyewe. Zinachoma dizeli kidogo sana, ile ya hewa robo lita hivi kwa saa au pungufu, injini ikiwa imezimwa. Nyingine inapasha hewa ya kitandani, nyingine inapasha maji ya injini kabisa. Tazama chini ya kitanda chako, pengine unayo na hakuna aliyekuambia.

Piga magoti pia utazame raba ya gia na matundu ya waya sakafuni. Mkono ukihisi upepo hapo, ndiyo unaokula vidole vyako. Na usiongeze maji matupu kwenye kulanti hata kama umeishiwa. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unavumilia hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia tisa, na bloku ya chuma haitanuki nayo, inapasuka. Msalimie dada.

Hapo niseme kitu kwa wa hapa nyumbani: vichwa vingi vya mitumba kutoka Ulaya vimekuja na hita hizo ndogo zikiwa ndani. Zimekufa kwa kukaa, bomba la kutolea moshi limeoza. Anayetaka kuifufua aende kwa fundi wa umeme wa magari anayezijua, na bomba la moshi litoke nje kabisa ya kabini, lisiishie chini ya sakafu.

Bibi Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa Mwanga, Kigoma. Baba watoto anapeleka dagaa na mawese nyanda za juu. Kijana wake, tandiboi, kaniambia kwamba wakilala Makete mume wangu anaingiza jiko la mkaa ndani ya gari, anafungua kioo upana wa vidole viwili, anasema mkaa ukiwa mwekundu hauna moshi. Naogopa. Nimwambie nini?

Mpendwa, umeogopa kwa haki. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua. Unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, na aliyelala haamki kukohoa kwa sababu hakuna kinachomkera. Anazidi kusinzia tu. Vidole viwili vya kioo havitoshi, kabini ni chumba kidogo kuliko choo chako. Hata injini kuachwa inaunguruma usiku kucha si salama, gari kuukuu likivuja moshi kwenye egzosi na kabini ikavuja sakafuni.

Achemshe maji kwenye jiko nje, ajaze chupa mbili zinazofunga vizuri, azizungushie kitenge, moja miguuni, moja tumboni. Blanketi mbili, moja chini yake, maana baridi ya kabini hupanda kutoka kwenye godoro. Soksi kavu, siyo alizoendeshea mchana. Asubuhi hita afanye nilivyomwandikia kijana wa Isevya hapo juu, umsomee.

Jiko lisafiri nyuma na mizigo, limefungiwa kwenye boksi, mkaa wake kwenye mfuko mwingine, na ufunguo wa boksi akae nao kijana aliyekuambia.